Mlima Wasioukanyaga Wanawake

Halkidiki, Ugiriki
3 Septemba 2024

Mwanangu Rumaisa,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila magoti yananilaumu kwa ngazi za huku. Wewe waonaje, na huyo mgeni tumboni? Mumeo Fadhil hajambo?

Nimefika kwa Bi Eleni salama. Kila mwaka akija Shela kupumzika akiniambia niende nikawafundishe wanawake wa kijijini kwao kusuka mikeka, nami nikidhani ananitania. Kumbe tiketi amekata kweli. Nti hii ya Wagiriki imeumbwa, mwanangu. Misonobari imeshuka mpaka mchangani, na maji ni meupe, ukisimama ndani waona kucha zako. Nyumba za mawe, na nje vibaraza ambapo vikongwe wanakaa kuchungulia wapitao, kama kule Kipungani nilikozaliwa. Waliniita wakanilisha tini. Hatuelewani hata neno, na tumecheka mpaka alasiri.

Usihofu, mwisho wa Oktoba nimerudi. Mtoto wako wa kwanza hazaliwi mimi sipo.

Mamako

Shela
8 Septemba 2024

Mama mpenzi,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, ila miguu imevimba, navaa ndara za Fadhil. Siku hizi anapika yeye. Wali wake ukiurusha ukutani haubanduki.

Picha ulizonitumia kwa simu pamoja na barua nimewaonyesha majirani. Bi Kadija asema umekuwa mtalii kamili. Jipe raha, mama. Tangu baba afariki hujaenda popote zaidi ya sokoni mjini Amu. Ila najifungua Novemba, usinichelewee, naogopa.

Mwanao
Rumaisa

Halkidiki
29 Septemba 2024

Mwanangu Rumaisa,

Asalaam alaykum. Miguu yaendeleaje? Ikande kwa maji ya chumvi.

Jana tulipanda boti kwenda kuuona Mlima Athos. Mlima wote ni wa watawa wa Kikristo, wanaume watupu, na mwanamke haukanyagi. Boti yenye wanawake hata kukaribia haikaribii. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Monasteri zimekaa juu ya majabali, ghorofa juu ya ghorofa, roshani za mbao zinaning'inia juu ya bahari. Nikasema subhanallah. Kengele zikalia, nami nikavuta uradi wangu kimoyomoyo. Na hawana mke wala dada, wanapika na kufua wenyewe. Mmoja nilimwona kwa darubini ya Bi Eleni akianika nguo. Anaanika vizuri kuliko marehemu babako.

Sasa neno moja. Wanawake hapa wameshajua kusuka ukili, ule utepe mrefu, lakini kuushona uwe mkeka bado. Bi Eleni ananiomba nikae mpaka zeituni zivunwe, mwisho wa Novemba. Mimi sijawahi kuombwa nikae mahali. Na dada zake Fadhil wapo hapo karibu nawe. Wasemaje?

Mamako

Shela
20 Oktoba 2024

Mama,

Waalaykum salaam. Tuko salama. Kaa tu. Dada zake Fadhil wapo.

Rumaisa

Halkidiki
21 Oktoba 2024

Mwanangu Rumaisa,

Asalaam alaykum. Wiki tatu nimengoja jibu, ukaniletea maneno ya kuhesabika, na mwisho ukatia Rumaisa tupu. Tangu ujue kushika kalamu hujaniandikia bila "mwanao", hata ulipokuwa bwenini umeninunia kwa kutokuletea visheti.

Nililia mpaka Bi Eleni akadhani kuna msiba. Nilipomweleza alinigombeza, kisha akashika simu kutafuta tiketi. Jumapili niko Shela, inshallah. Kushona nimewaonyesha haraka haraka. Mikeka yao itapinda, si neno.

Nisamehe. Nilipendwa nikalewa. Mahali hapa ni pazuri na nitapasifu mpaka mnichoke, lakini sikuja ndia yote hii ili nikupoteze wewe.

Mwambie Fadhil atoke chumba cha ndani, akalale ukumbini. Ukishajifungua, arobaini nzima hapiti mlango ule bila ruhusa yangu. Mimi nimezungushwa mlima mzima bila kuukanyaga na nimevumilia, yeye ni chumba tu. Mwanawe atamwona kwa mbali.

Nijibu leo. Nataka kuona umejiitaje.

Mamako

Shela
21 Oktoba 2024

Mama,

Waalaykum salaam. Fadhil ameshahama na godoro lake. Anauliza kama utamletea ile darubini.

Mwanao