Karatasi Yenye Matundu

Oberlaich, 9 Februari 1966

Mpwa wangu Traudl,

Nakusalimu kwa mkono uleule unaotetemeka. Ukiniuliza hali, goti linauma, pua inavuja, bia inashuka vizuri, kwa hiyo nihesabu miongoni mwa wazima. Wewe je? Unakula, au unaishi kwa vidonge kama wale watu wa sayari katika riwaya uliyonitumia? Niliisoma yote chooni, kurasa tatu kwa siku. Baridi ilinipiga matakoni lakini sikuweza kuiacha.

Picha yako ya mistari ya wino imefika, nimeibandika jikoni. Vroni, mjane wa mwokaji mikate, alikuja akaitazama. "Nungunungu huyo," akasema.

"Ni mawimbi ya umeme, mama. Mpwa wangu ni daktari wa fizikia."

Akaikodolea macho mpaka maziwa yangu mekoni yakafurika. "Basi ni nungunungu wa umeme." Lakini aliondoka shingo upande.

Nimechora watakatifu kwenye kuta za nyumba za watu miaka hamsini, na mstari kama ule sijawahi kuuvuta hata siku ambayo sijanywa. Sema kweli: kalamu alishika nani?

Mjomba wako,
Korbinian

Munich, 27 Februari 1966

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, nakula, na goti lako linanisikitisha kuliko unavyolifanyia mzaha.

Kalamu ilishikwa na mashine. Mimi nilipiga hesabu, na hesabu zikatobolewa kwenye utepe mrefu wa karatasi. Mashine inayasoma matundu, kisha mkono wa chuma unavuta mistari kwa wino. Kazini tunaitumia kuchora mitambo. Jumamosi mkuu wangu huniachia. Najaribu mara sitini, nachagua moja. Na nikiupitisha utepe tena, picha ileile inazaliwa upya. Hilo ndilo nilipendalo kuliko yote.

Sasa kuna jambo. Bwana Lobwasser, mwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho hapa, anataka kutundika picha zangu kumi na mbili mwezi Aprili. Ila ameweka sharti: siku ya ufunguzi nizichome tepe zote mbele ya wageni, ili kila picha ibaki moja tu duniani. "Bibie," aliniambia, "kinachorudiwa si sanaa, ni kalenda." Wachoraji waliokuwepo walicheka. Wananiita fundi umeme.

Miaka sita nimegonga milango, na huu ndio wa kwanza kufunguka. Natakiwa kujibu kabla ya tarehe kumi. Wewe ndiye mchoraji pekee asiyenionea aibu. Nichome?

Mpwa wako,
Traudl

Oberlaich, 3 Machi 1966

Traudl mwanangu,

Goti lingalipo, mengine salama. Funga mlango, hii isome ukiwa peke yako.

Kijiji kizima kinasema Korbinian huchora kwa jicho tu. Uongo. Namchora mtakatifu mezani, naitoboa mistari yake kwa sindano, naiweka karatasi ukutani, kisha napigapiga kifuko cha unga wa mkaa mpaka alama zibaki kwenye lipu. Ndiyo maana natundika magunia mbele ya jukwaa ninalopandia, watu wasione. Huwa nawaambia ni kwa ajili ya upepo. Baba alinirithisha ufundi na uongo wake pamoja.

Mtakatifu Floriani ukutani kwa Vroni ana uso wa mumewe, Sepp. Sepp alinikalia nimchore mwaka 1936, kisha vita vikamla. Mwaka 1951 radi ikaiteketeza nyumba. Floriani, mlinzi wetu dhidi ya moto, akaungua na ndoo yake ya maji mkononi, na picha zote za arusi zikaungua ndani. Vroni hakulilia nyumba, alililia ule uso. Nyumba ilipojengwa upya nikaitoa karatasi darini. Siku ya tatu Sepp alikuwa amerudi, na kidevu chake kilichopinda. Watu wakasema, "Huyu mzee ana kumbukumbu ya ajabu." Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mbwa mimi.

Sikwambii uchome wala usichome. Niliishia darasa la nne. Ila ningekuwa nimeichoma ile karatasi, Vroni leo angekuwa anatazama chokaa.

Mjomba wako,
Korbinian

Oberlaich, 18 Aprili 1966

Traudl,

Salamu zangu ni zilezile za mwezi uliopita, maana hukuzijibu. Tarishi ameanza kupitia njia ya nyuma ili asikutane na mimi.

Kama umechoma, andika. Kama hukuchoma, andika. Kukukasirikia siwezi, hata nikijitahidi.

Mjomba

Munich, 24 Aprili 1966

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Niko salama, nilikuwa tu sina cha kukwambia.

Sikuchoma. Bwana Lobwasser alifungua daftari lake akalikata jina langu kwa mstari, na mstari wenyewe haukunyooka. Nililia wiki nzima. Kisha shule ya jioni ya watu wazima ikanipa ukuta wa kantini yao, na mkuu wangu akakubali mkono wa chuma upelekwe kwa lori.

Walikuja watu sitini na wawili, wengine kwa ajili ya soseji. Kondakta mmoja mstaafu wa tramu aliomba picha ya tatu. Nikaupitisha utepe. Alisimama dakika arobaini, kofia mkononi, akiutazama wino ukitembea.

"Ni yangu kweli?"

"Ni yako."

"Na ile ya ukutani?"

"Ipo palepale."

Akaondoka nayo wino ukiwa bado mbichi, ameishika kama sinia la mayai. Gazeti liliandika mistari miwili, ya dhihaka. Shule imeniomba niendelee hadi Juni.

Mjomba, Vroni anajua habari za karatasi?

Mpwa wako,
Traudl

Oberlaich, 2 Mei 1966

Daktari wangu,

Nakuamkia mimi safari hii, maana mkubwa ni wewe. Barua yako nimeisoma kilabuni kwa sauti, mara mbili, na aliyecheka nilimnywea bia yake.

Swali lako lilininyima raha. Wewe umepoteza ukumbi mzima kwa ajili ya ukweli, mimi nang'ang'ania magunia. Basi jana nikaichukua karatasi, nikaenda kumtandazia Vroni mezani.

"Sikukumbuka chochote," nikamwambia. "Ni matundu tu."

Akapitisha kidole kwenye kidevu cha Sepp, tundu kwa tundu. Nikangoja kofi. "Kwa hiyo ukifa," akasema polepole, "yeye hafi?"

"Hafi. Mtoto yeyote mwenye unga wa mkaa atamrudisha."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la unga. Miaka kumi na mitano, Traudl, kila nilipokohoa yule mama alinikimbizia supu ya kuku mpaka kitandani, nami nikajidanganya kwamba ananitaka. Kumbe alikuwa anakilinda kichwa changu, kwa sababu Sepp alikuwa ndani yake.

Leo nimekohoa tangu asubuhi, dirisha wazi. Supu haijaja.

Mjomba wako,
Korbinian