Pua ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na watoto. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepoa na nyote mnalala usingizi mzuri. Huku kwetu afya za mwili tunazo. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike, maana kwenye simu ningelia tu, nawe usingeambulia kitu.

Najua Mama ameshakupigia. Najua amekwambia kwamba nimemvua nguo mbele ya watu na kwamba hana tena mtoto wa kike. Hajatia chumvi. Nimefanya hivyo kweli, na nikirudishwa siku ile nitafanya tena. Lakini amekupa mkia wa habari, kichwa amebaki nacho. Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Kiwanda chetu cha kufulia unakijua, na kazi ni ileile, shuka za hospitali na za nyumba za wageni. Mama yuko kwenye mashine za kufulia, mimi kwenye za kukaushia, na kwenye pasi yuko Twiga, yule rafiki yake mrefu anayeinama mlangoni. Mashine zetu ni kuukuu, na tajiri hapendi maji yapotee bure. Kwa hiyo Mama ndiye anayeamua shuka zimesuuzika au bado. Anafungua mlango, anavuta pembe ya shuka, anafumba macho, ananusa. Akisikia harufu ya dawa ya kung'arishia, anarudishia maji. Asiposikia, anasema peleka, nami napeleka. Ndiyo maana kazini wanamwita Mama Pua, na jina lenyewe alikuwa akitamba nalo. Sisi wengine tumezoea harufu ya mle ndani kiasi kwamba hatuijali tena, na kunusa nyuma yake kungekuwa matusi.

Basi shuka zikaanza kuchanika. Zinatoka kwenye kikaushio zikionekana nzima, lakini zikifika mezani kwa Twiga, akizivuta kuzinyoosha, chwaa! Matundu hapa, mpasuko pale, na kwenye mikunjo umanjano usioeleweka. Muuguzi mkuu wa hospitali alirudisha furushi zima na ujumbe kwamba wagonjwa wake si samaki hata awalaze kwenye nyavu. Tulicheka, lakini tajiri hakucheka.

Yeye aliangalia tu zinachanikia mkononi mwa nani. Akasema Twiga anaunguza nguo kwa pasi, uzee umemwingia. Akampa hadi Ijumaa, shuka nyingine ikichanika akusanye vyake aondoke. Kaka, Twiga hana mume wala ndugu wa kumkimbilia. Na ndiye aliyemwogesha Mama na kumlisha wakati ile homa ya mafua ilipomlaza, wewe uko mbali, mimi nami nimelazwa na homa hiyohiyo chumba cha pili. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Nikaapa nitajua kinachozila zile shuka kabla ya Ijumaa.

Nilianza na kwangu, nisije nikawa yule nyani asiyeona kundule. Nilivaa soksi ndefu ya zamani mkononi nikapapasa pipa la kikaushio kote ndani, nikitafuta bati lililoinuka au skrubu iliyotokeza. Soksi haikukwama popote. Nikatenga sare zenye zipu zisikaushwe pamoja na shuka. Bado zikachanika. Ndipo nikakaa nikaitazama michaniko yenyewe. Nguo iliyokwama mahali huacha uzi umevutwa, lakini nyuzi hizi hazikuvutwa, zilikuwa zimeoza. Nikatoa shuka kwenye kikaushio ikiwa bado ya moto, haijaiona pasi, nikaivuta kwa vidole. Ikaachia kama karatasi iliyolowa. Nilimkimbilia Twiga nikamkumbatia, nikamwambia si pasi yako, si pasi yako! Akakaa juu ya kapu akajifuta uso kwa aproni.

Furaha yangu haikufika mbali. Kitu cha kuozesha pamba hivyo nakijua, Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Dawa ikibaki kwenye nguo, halafu ikapigwa na joto la kikaushio, inaila. Nikaenda kwenye shuka mbichi alizokwisha kuzipitisha yeye, nikainama nikanusa, huku nikitazama nyuma kama mwizi. Dawa ilinipanda puani hadi machozi yakanitoka. Nikachukua fungu moja nikalisuuza upya, nikalikausha, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Halikuchanika.

Hata hapo nilitaka kujidanganya kwamba Mama amechoka tu. Wakati wa chai nikampelekea vitambaa viwili, kimoja nimekichovya kwenye maji yenye dawa, kingine kwenye maji matupu, nikamwomba aninusie. Alifumba macho kama kawaida yake. Akanusa cha kwanza, akanusa cha pili, akasema vyote safi, peleka. Sikusogea. Alipofumbua macho akaniona nimesimama palepale, alielewa. Alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia chinichini kwamba tangu ile homa pua imekufa, kwamba itarudi tu, na kwamba nisithubutu kumwambia mtu, wewe hasa. Nikamuuliza, na Twiga je? Akasema tajiri anatisha tu, mbwa abwekaye haumi.

Nilinyamaza, kaka. Nilimpa Mama nafasi aseme mwenyewe, na kila asubuhi nikawa nawahi kazini nizisuuze upya shuka nitakazoweza. Lakini moja ilinipita, nayo ikachanika Ijumaa, tajiri akiwa amesimama palepale mezani. Nikadakia kwamba si pasi, ni dawa haikutoka. Tajiri akasema vizuri, ubishi wa nini na Mama Pua tunaye? Akamkabidhi ile shuka kavu. Mashine zikazimwa. Watu wote wakasogea, na mimi nikawa namwomba Mungu moyoni ampe mama yangu ujasiri. Mama akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu. Akasema haina dawa.

Twiga hakubisha. Pua ya rafiki yake ilikuwa imesema, naye aliiamini kuliko alivyojiamini mwenyewe. Alianza kufungua aproni. Fundo likamkatalia, na hakuna aliyemsaidia. Mama alikuwa akitazama sakafu. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilisema kwa sauti kwamba Mama hanusi, hajanusa kitu tangu augue, na kwamba nimempima mwenyewe. Tajiri akaenda kuvuta shuka mbichi ya mzigo uleule, akaibandika puani, akakohoa. Kisha wote wakamgeukia Mama. Natamani nisingeuona uso wake wakati ule.

Twiga amebaki na kazi yake. Mama ameambiwa apumzike nyumbani, kwa maneno ya heshima, lakini wote tunajua maana yake. Jioni ile Twiga alikuja kubisha hodi, Mama akakataa nimfungulie. Chakula nilichompakulia akakiacha kikapoa. Akawa anapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti.

Sasa nikwambie lililonifanya nichukue kalamu. Jana mchana aliniita chumbani kwake. Nilimkuta kitandani, na mapajani ameweka sweta la Baba, lile la kahawia alilokuwa akilivaa hadi siku za mwisho. Kaka, mwanamke aliyefua nguo za mji mzima hajalifua sweta hilo tangu tumzike Baba. Analifungia ndani ya mfuko wa plastiki, na akiwa peke yake analitoa, anainusa shingo yake, analirudisha. Mimi naishi naye nyumba moja na sikuwahi kujua. Aliniambia kazi haikumtisha, kila mtu ataiacha kazi. Alishindwa kusema kwamba pua imekufa kwa sababu angekuwa anasema Baba ameondoka tena. Aliomba radhi kwa ajili ya Twiga, akalia. Kisha akaninyooshea lile sweta, akaniambia ninuse vizuri, nimwambie kama bado yumo.

Nilinusa. Hapakuwa na kitu, kaka. Plastiki na vumbi. Nikamwambia yumo, tena kwenye shingo ndiyo zaidi. Alivuta pumzi, akalikunja taratibu, akaniuliza kama nimekula.

Njoo umwone, hata kwa siku mbili tu. Usimgombeze, na mimi unigombeze tukiwa nje. Na atakupa ulinuse, najua atakupa. Sema kwenye shingo. Usije ukasema mikono.

Nisalimie wifi, wabusu watoto kwa niaba yangu, na wewe mwenyewe ujitunze. Mama anakusalimu, amenituma nikuandikie hivyo, akiwa amesimama mlangoni, asijue niliyoyaandika hapo juu.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo