Vidonge vya Babu Visivyojuana

Mkwe wangu na wajukuu,

Chai imo kwenye chupa. Mayai yamechemshwa, msigombane. Anueni nguo mvua isije ikazikuta.

Nimempeleka babu yenu kliniki. Asubuhi alishindwa kuinuka kitini. Siku zote hizi nilimchua mapaja, naye akisema, "Uzee huo bibie, hauchuliki."

Asante, mkwe. Jana ulipomfulia koti ukakuta vidonge vyake vya huzuni, ulininong'oneza asisikie: "Mama, hivi na vile vya kushusha mafuta ya damu, vinajuana kweli?" Leo nikampigia mfamasia. Akasema vipo vya huzuni ambavyo vikikutana na vile vya mafuta, huvifanya vikae mwilini kupita kiasi, misuli ikaumia. Akauliza kama mkojo umekuwa mweusi, maana hiyo ni dalili misuli inaharibika. Nashukuru Mungu, hapana. Lakini akataka daktari amwone leo leo.

Babu akajiamulia: "Basi natupa hivi vya huzuni. Mwanamume mzima mimi!" Nikamnyang'anya. Tangu azikwe kaka yake, ni hivyo vilivyomrudisha mezani kula nasi. Kipi kiachwe, kipi kibadilishwe, atasema daktari.

~~Shangazi yenu msimwambie.~~ Mwambieni. Atakuja na maneno mengi, lakini atakuja.

Tukirudi mkamwona anatembea kama bata, mtanieni tu. Akiwafokea, furahini. Mwaka jana, kabla hajaanza vidonge vya huzuni, mlimtania hivyo hivyo, hakujibu neno.

Bibi yenu