Kwa Baba Rashidi, Aliyeuliza Mimba Ni ya Nani

Mume wangu, Baba Rashidi,

Nakuita hivyo makusudi. Tangu tulipokuzika hapa Koboko, kaka yako ananiita kwa jina langu la usichana, kana kwamba sikuwahi kuzaa nyumbani kwenu. Anasema mtu aliyevunjika mgongo hazai, kwa hiyo Rashidi hana shamba hapa. Alasiri ya leo ameita ukoo ili nieleze mtoto ni wa nani.

Unakumbuka chumba chetu cha Awindiri, kule Arua? Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Sudan, ukapata lori la kuendesha mpaka Oraba, likapinduka nawe. Miguu ikafa ganzi. Kwa muda mrefu hukunitazama usoni. Ndipo yule daktari wa hospitali akafunga mlango, akatuambia mbegu zako ni hai, ila njia ndiyo iliyoharibika. Akakupima presha, akatupa kimashine cha betri kinachotetemeka, cha kuzitoa mbegu, na bomba la sindano lisilo na sindano, la kuniwekea, akatufundisha bila haya, kama anayefundisha kupika. Mimi nilicheka kwa aibu. Tulipojaribu nyumbani ulitokwa jasho kichwa kizima, ukasema, "Zima. Hapana, washa tena." Nilikupenda sana siku ile, na hata leo moyo wangu hulainika nikiikumbuka.

Tulijaribu miezi mingi. Nilipokwambia nimeshika mimba, nilitegemea utafurahi. Wewe ukauliza, "Hii mimba iko ya ile bomba, ama iko ya mutu?"

Nikajibu, "Iko ya mutu. Na huyo mutu iko wewe." Ukacheka, nami nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Musa, utingo wako wa zamani, alikuwa akija kila Ijumaa kukusukuma kwenye kiti chako cha magurudumu kwenda msikitini. Tumbo lilipoonekana ulimwambia, "Wewe hapana kuja tena hapa." Ukanieleza eti anaongea sana. Musa huyo huyo, ambaye hata salamu aliitoa kwa kutikisa kichwa? Tangu hapo nikawa nakuchunguza. Ulipompakata Rashidi, niliangalia macho yako yanatafuta nini usoni mwake. Ulimkata kucha, ulimfundisha Kurani, alipougua surua ulilia. Lakini mbele ya kaka yako hukusema hata mara moja kwamba ni wako na jinsi tulivyompata. Mimi ukanikataza: "Mambo ya chumba yetu, hapana ambia mutu." Sijui ulikuwa unaona haya kwa sababu ya kile kimashine, au ulikuwa unaniwekea kesi. Nimechoka kukisia, na nina hasira nawe.

Leo nitawaambia yote, kimashine, bomba na jasho lako, Rashidi akiwa amekaa pale pale anasikia. Nitakuaibisha, unisamehe. Pengine wataniamini, naye atapata shamba lake. Ila mimi nilitaka uniamini wewe, na umekufa hujaniambia kama uliniamini.

Pumzika, baba wa mwanangu.

Mkeo,
Mama Rashidi