Shaba Shingoni mwa Mwanahiti

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, Wilaya ya Kisarawe, tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Jina: Biubwa Seifu. Umri: miaka 52. Dini: Mwislamu. Kazi: mkulima wa mihogo na korosho. Makazi: Msimbu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa.

Mnamo tarehe 8 Juni 2024, siku ya Jumamosi, jioni kabla ya magharibi, nilikuwa jikoni kwangu. Mdogo wangu Mwishehe, ambaye nyumba yake inapakana na yangu, alikuwa ameingia kwenye mihogo kufukuza nguruwe pori kwa gobore lake. Gobore hilo lina kibali, na bila yeye nguruwe wangekuwa wameshatumaliza. Binti yake Naila alikuwa chumbani kwangu. Ni mwali, nimemweka ndani tangu shule zilipofungwa, na mimi shangazi yake ndiye ninayemfunda. Ngoma ya kumtoa tuliipanga kesho, tarehe 15.

Nilisikia mlio wa gobore, mzito kama kawaida yake. Haukupita muda, nikasikia mwingine mkali, mwembamba. Kisha mtu akalia uani. Nilitoka nikamkuta Onesmo, mwenye shamba la jirani, ambaye anaishi Picha ya Ndege. Alikuwa amekaa chini kando ya kinu changu, mkono wa kushoto unavuja damu. Rafiki yake Tito, waliyekuja naye shambani, akatokea kichakani mbio, mikono mitupu, akasema, “Ni huyo mzee na gobore lake.”

Wakati huo huo Mwishehe akatoka mihogoni, gobore begani. Sasa hapo nani angebisha? Aliniambia tu, “Dada, mimi nilipiga kuelekea bondeni.” Mgambo wakamleta hapa kituoni. Onesmo alipelekwa hospitali Kibaha na yu hai, namshukuru Mungu.

Kesho yake asubuhi nilikiinamisha kinu ili nikioshe damu. Kwenye makapi kikadondoka kitu cha njano chenye ncha, ukubwa wake kama kokwa ya tende, kinang'aa. Moja kwa moja nilijua ni cha mwanahiti. Mwanahiti ni kitoto kilichochongwa kwa mti ambacho mwali hukaa nacho ndani. Hiki cha kwetu alikiacha bibi yetu, na mapambo yake mengine ni ya zamani kuliko mimi. Ijumaa, siku moja kabla ya tukio, kamba ya shanga zake ilinikatikia pale pale kwenye kinu, nikaokota huku nalalamika. Kwa hiyo nilikifunga uzi kile kitu, nikamvisha mwanahiti shingoni. Kilimpendeza, siwezi kusema uongo.

Naomba iandikwe kwamba sikuficha kielelezo. Risasi nazijua, ila za Mwishehe. Anayeyusha betri mbovu za magari kwenye sufuria yangu niliyokwisha kuisusa, anatoa goroli nyeusi. Zile zilizokosa shabaha huzichimbua kwenye mikorosho zimebapa kama kifungo cha koti, akaziyeyusha na kuzisubu upya. Risasi nzuri sijapata kuiona.

Jana tarehe 13, Koplo Lusajo alikuja nyumbani na mtaalamu wa silaha, Afande Bertha. Yule binti askari aliniamkia, kisha akakizunguka kinu, akaona tundu upande niliougeuzia ukutani nilipokiosha. Mimi sikuwa nimeliona. Akauliza, “Mama, ndani ya kinu hukukuta kitu?” Nikamjibu sikukuta kitu ila pambo la mwanahiti. Akaomba alione. Chumbani kwa mwali haingii mtu, hata awe askari, hivyo nilimtolea mwenyewe, nimelifunika kwa kanga.

Aliliangalia kwa makini. Akasema, “Hii ni risasi, mama.” Nilicheka. Akaigeuza kitakoni, nikaona weusi ule ule wa goroli za Mwishehe.

Akanieleza, “Huo weusi ndio risasi yenyewe. Hii njano ni shaba, wameivisha kiwandani. Ile nyeusi ni laini. Bunduki za kisasa zinasukuma kwa kasi kubwa na moto mkali, ikipita tupu inajipaka ndani ya mtutu mpaka mtutu unaharibika. Shaba inaizuia isijipake, na inaishika isibape ovyo.” Akanionyesha mistari iliyojipinda ubavuni, akasema imechorwa na mtutu wa bunduki. Gobore la Mwishehe ni laini ndani, halichori hivyo, na risasi hiyo ni nyembamba mno kwake. Afande alisema ameshausafisha mtutu wake kwa kitambaa kituoni, na kitambaa kilitoka na weusi mtupu, shaba hata chembe.

Nilikaa chini. Umri wangu wote huu sikujua kuwa kuna watu wanakaa kiwandani kuishonea risasi nguo. Nilistaajabu, na hapa nilipo bado nastaajabu. Kitu kile kimepita kwenye mkono wa mtu, kimetoboa mti mkavu, kimetoka na umbo lake na nguo yake, na nguo hiyo ndiyo inayomsemea mdogo wangu. Niliogopa pia. Kilikuwa kinalala na Naila.

Koplo aliniuliza nani mwingine huja pale na bunduki. Nilisema Tito, nimemwona nayo mara kadhaa, anasema ni ya kuwindia. Jumamosi sikumwona nayo, na sikumwona akipiga.

Niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu ni hayo. Nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi: B. Seifu

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika kama alivyosema. Bunduki ya Tito imechukuliwa kwa uchunguzi. Ilipatikana kichakani nyuma ya mihogo. Mwishehe Seifu ameachiwa leo saa saba mchana. Shahidi aliomba arudishiwe uzi uliokuwa kwenye risasi, kwa kuwa kesho mwanahiti anatoka na mwali. Nimempa.

Koplo Lusajo