Kikao cha Mishipa ya Bingwa, Bingwa Mwenyewe Hayupo

Bingwa mjukuu wangu, umeadimika kama maziwa ya kuku. Kwangu kuna mbwa mkali, au mkali ni mimi? Tumekaa bila wewe. Soma.

MAHALI: Sebuleni kwangu, Jumapili, baada ya chakula.
WALIOHUDHURIA: Baba yako mkubwa ambaye ni fundi bomba (Mwenyekiti), mama yako, mkeo, mimi bibi yako (Katibu, nasema mimi, kalamu kashika mkeo).
ASIYEHUDHURIA: Mwenye mishipa. Udhuru hakutoa.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kukohoa sana, kwa kuwa neno "korodani" lilimkwama kooni. Katibu alimsaidia kulitamka.

KUMB. NA. 2/ ALIYOSEMA DAKTARI
Mkeo alieleza kwamba mlikwenda wote wawili. Mishipa ya damu ya korodani yako ya kushoto imevimba, damu inatuama, joto linapanda, mbegu zinadhoofika. Yeye alipimwa, akaonekana mzima. Mama yako aliomba hilo la mwisho lisiandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 3/ UPASUAJI UPI
Mkeo alieleza njia tatu. Kuchanwa kinenani na mishipa kufungwa kwa macho matupu: hospitali nyingi zinaweza, ila vimishipa vidogo hufichika na uvimbe ukarudi. Matundu tumboni na kamera: kidonda kidogo, lakini ni lazima ulazwe usingizi kabisa, na maji yanaweza kujaa kwenye korodani baadaye. Kuchanwa padogo, daktari akitazama kwa hadubini: kazi ndefu, wataalamu wachache, ila uvimbe na maji hutokea mara chache zaidi. Hii ndiyo daktari aliyoipendelea.

Mwenyekiti alieleza kwamba bomba ni bomba, na kwamba yeye angefunga pande zote mbili kwa usalama. Kikao kilimshukuru na kumwomba asiguse mtu. Mama yako alipendekeza kamera, ili majirani wasikie ni ya kisasa. Katibu aliuliza kama ni harusi.

Mkeo aliongeza kwamba mbegu zitapimwa tena baada ya miezi kadhaa, na mtoto hakuahidiwa mtu. Mwenyekiti alishangaa fundi asiyetoa dhamana, yeye ambaye bomba la jikoni kwangu alilitengeneza na bado linalia.

KUMB. NA. 4/ MENGINEYO
Mama yako alieleza kwamba wakati tukisubiri, yuko binti mmoja mwenye nyonga za kuzaa, aolewe awe mke wa pili. Habari za mishipa, alisema, ni maneno ya mke tu.

"Mwanangu angekuwa na kasoro, angeniambia mimi kwanza."

Mkeo aliweka kalamu chini.

"Mama, miaka minne nimekunywa kila dawa uliyonichemshia. Mwezi uliopita nilishajua si mimi, nikanywa tena, kwa sababu mwanao aliniomba ninyamaze mpaka akwambie mwenyewe. Sinywi tena. Asipokuja kusema, narudi kwetu."

Mwenyekiti aliitazama dari, akagundua inavuja.

MAAZIMIO: Hoja ya mke wa pili ilitupwa na Katibu, bila kura. Upasuaji mtaamua wewe na mkeo pamoja na daktari, maana mwili ni wako.

Kikao kilifungwa mama yako alipokwenda kujifungia chumbani.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (dole gumba)

Jumapili uje mchana kweupe. Usizunguke kwa mlango wa jikoni. Ingia mbele na mkeo, keti ubavuni pake, mtazame mama yako usoni, useme, "Ni mimi." Ukishasema, nitakupakulia.