Kofia Nyekundu, Saizi Ndogo

Jumatatu, 7 Oktoba

Vichujio vya tovuti vimekamilika! Rangi, saizi, bei. Vimekaa kushoto mwa ukurasa, visanduku vidogo vya kuwekea tiki, safi kabisa. Mteja anaweka tiki kwenye "nyekundu", duka zima linabaki na vitu vyekundu tu. Nilikaa naweka tiki na kuitoa peke yangu, nacheka kama mjinga.

MaBiyela, mwenye duka hili la mavazi ya jadi, hakucheka. Alivaa miwani, akaikodolea skrini. Halafu akauliza, msichana ambaye hajaolewa atajuaje hapa kipi chake na kipi si chake? Nikamwambia ataona picha.

"Picha! Yaani umwache binti wa watu anunue isicholo, aende nayo kwenye sherehe ya shoga yake, kofia ya wake za watu kichwani? Unataka waje kunichomea karakana?"

Anasema hakuna anayeingia dukani kwake kutafuta nyekundu. Kwanza mtu anajua yeye ni nani, nyekundu baadaye. Kwa hiyo anataka kichujio kingine, juu ya vyote: Msichana. Mchumba. Mke.

Miaka miwili namtengenezea tovuti huyu mama, hapa hapa kwenye karakana yake Pinetown, katikati ya shanga na ngozi za ng'ombe. Na bado sijui anataka nini mpaka niwe nimeshamaliza!

Jumatano, 9 Oktoba

Kichujio kipya kimeingia. Na kimenivuruga.

Ukiweka tiki "Mchumba", vitu vinakuja. Ukiweka "Mke", vinakuja. Ukiweka zote mbili — "Hakuna bidhaa iliyopatikana." Hakuna! Nimeumiza macho asubuhi nzima. Kumbe mashine inatafuta kitu ambacho ni cha mchumba na cha mke papo hapo, na mimi kila kitu nilikipa jina moja tu.

MaBiyela akaja nyuma yangu, andazi mkononi. "Na wewe, Nomalanga, ungeweka tiki wapi?"

Nilijifanya naandika.

Kwa kweli ningeweka wapi? Mlungisi alishatoa ng'ombe, wajomba zangu wakapokea, mwaka wa tatu huu. Nikienda kwao Ndwedwe nafunga kitambaa, nafunika mabega, napika, nasugua masufuria. Mbele ya wageni mama yake ananiita mkwe wangu. Lakini zawadi za umembeso hawajaleta kwetu, na bila hizo hakuna harusi. Mwaka wa kwanza walikuwa na msiba. Wa pili hata sababu siikumbuki. Msichana mimi si msichana. Mke, bado. Mchumba wa miaka mitatu, huyo ni mchumba gani?

Nikaweka tiki zote mbili. Hakuna bidhaa iliyopatikana. Nikafunga kompyuta, nikaenda kununua chipsi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimerekebisha. Sasa ukiweka tiki mbili unapata vya huku na vya kule. MaBiyela ameridhika, eti ningesema tangu juzi kuwa inawezekana! Mimi ndiye ningesema?

Mchana alinipimia kofia kichwani, tupange saizi. Ndogo ilikaa utosini kama kifuniko cha chupa. Ya kati ikagoma. Kubwa ndiyo ikaingia, tena kwa kusukumwa. Anasema siku yangu ikifika itabidi anunue uzi wa kofia mbili. Huyu mama!

Jumapili, 13 Oktoba

Ndwedwe, kwa kina Mlungisi. Nilipoingia jikoni, MaCele — mama yake — alikuwa ameinamia simu, kidole kimoja kinabonyeza taratibu. Aliponiona akaigeuza kifudifudi mezani. Akaniuliza kama nimeshakula. Mama huyu hajawahi kuniuliza kama nimekula! Akanipakulia ugali na maziwa mgando kwa mkono wake.

Njiani kurudi nikambana Mlungisi. Anasema kuna jambo Desemba, nitulie.

"Jambo gani?"

"Mipango ni ya Mama. Mimi nani?"

Na alikuwa anatabasamu. Nilimwona.

Isidwaba, ile sketi ya ngozi, baba ndiye humtafutia bintiye anapoolewa. Wangu hayupo. Siku ya kumzika, MaCele alinishika mkono akasema, usilie, isidwaba yako nitaitafuta mwenyewe. Sijasahau. Nikaanza kukokotoa: simu iliyofichwa, chakula, Desemba... Sitaki kusema kitu mapema. Lakini Mungu wangu!

Jumanne, 15 Oktoba

Vichujio viko hewani tangu Ijumaa na tayari lawama. Mama mmoja wa Empangeni kaletewa mkanda saizi ndogo, anaapa alichagua kubwa. Nikamwona mwongo. Kisha MaBiyela akajaribu kwenye simu yake ya zamani: akachagua kubwa, akarudi juu kubadilisha "Mchumba" kuwa "Mke", na saizi ikajirudisha yenyewe kuwa ndogo. Bila kusema kitu!

Kwenye simu yangu haifanyi hivyo. Kwenye kompyuta haifanyi. Kwenye yake inafanya, kisha haifanyi, kisha inafanya. Sielewi mbele wala nyuma. Nilijaribu mpaka vidole vikaniuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Oda imeingia asubuhi. Isicholo moja, isidwaba moja. Mnunuzi: Thokozile Gumede, Ndwedwe. Namba ya simu naijua kwa kichwa. Ni MaCele! Gumede ni jina la mumewe, Cele ndio ukoo wa kwao. Anajua nafanya kazi za kompyuta, za nani hajawahi kuuliza.

Niliruka. Kweli, niliruka kwenye kiti, MaBiyela akadhani nimeona panya. Ni mimi! Ni Desemba! Amekumbuka alichoniahidi kaburini kwa baba!

Halafu nikasoma chini. Mfumo unaonyesha mteja alipita wapi: Mke. Nyekundu. Saizi ndogo.

Sketi, ndogo. Kofia, ndogo.

Nimekunywa maji. Nimesoma tena. Kichwa changu hakiingii hata kwenye ya kati, na MaCele amenifunga kitambaa kwa mikono yake siku nilipoingia kwao mara ya kwanza. Alilalamika hakifiki.

Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama kichujio changu kimemrudisha kwenye ndogo bila yeye kujua. Ama kuna mke anaingia nyumba ile Desemba, na si mimi.

Sijawahi kuomba hivi maishani. Ee Mungu, kosa liwe langu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimejaribu tovuti kwa kila simu ya mtaa huu. Ya jirani: imekosea! Nikamkumbatia. Ya mwenye kibanda: sawa kabisa, nikatamani kuitupa. Ya MaBiyela: mara nne sawa, ya tano ikakosea. Nimekuwa fundi wa kwanza duniani kushangilia kazi yake ikiharibika.

Jioni nikamuuliza Mlungisi, kama utani, hivi mama yako anajua ukubwa wa kichwa changu?

"Nani asiyejua?" Akacheka. Halafu kicheko kikaisha. "Kwa nini unauliza?"

Nikasema tu, mambo ya kazini. Akatoka kwenda kuosha gari. Gari aliliosha asubuhi.

Ningemuuliza wazi. Maneno ninayo mdomoni. Nikimuuliza atanijibu, hapo ndipo naogopa.

Jumatatu, 21 Oktoba

MaBiyela hashoni isicholo bila kumpigia mteja kuhakikisha saizi. Hiyo ni desturi yake, tovuti imemkuta nayo. Nilimwambia huenda kichujio kimemkosesha yule mama wa Ndwedwe — nilisema kwa furaha mno, akaniangalia kama nimelewa. Oda ni ya nani kwangu, sikusema.

Amepiga sasa hivi. Simu iko mezani, sauti juu. Kaniambia nichukue kalamu niandike vipimo, na daftari hili ndilo lililokuwa karibu.

MaCele kaitika. Sauti ileile ya jikoni. MaBiyela anamwamkia, anamweleza mashine yetu wakati mwingine hukosea, je, kweli ni ndogo?

"Ee, dada, hata mimi sina hakika. Mambo haya ya simu, nilibonyezabonyeza tu."

Asante Mungu! Asante, asante, kosa ni langu, nitalirekebisha leo leo, nita—

"Hebu subiri nimpime. Si yuko hapa."

Simu imewekwa chini. Nasikia sufuria. Nasikia MaCele anasema inama kidogo, mwanangu. Mtu anacheka. Mwanamke, kijana. Labda ni dada yake Mlungisi? Dada yake yuko Johannesburg.

MaBiyela ananiashiria, unaandika? Naandika.

MaCele karudi. Anasema hakukosea, ni ndogo. Na hata hiyo ibanwe kidogo.

Ndogo. Ibanwe kidogo.

MaBiyela anampongeza. Anauliza ukoo wa bibi harusi, huwa tunauandika kwenye boksi ili apokelewe kwa jina lake la heshima. Mimi ni wa kina Shandu. Boksi langu lingeandikwa MaShandu.

MaCele anasema ngoja amuulize mwenyewe unavyoandikwa, asije akaukosea mbele za watu.

Kalamu ninayo. MaBiyela ananinong'oneza niandike kwa herufi kubwa, zisomeke.